Ndege Asiyevunja Plombe

Papa Adalbert Kalenga hakuwa na desturi ya kuingia nyumbani kwake moja kwa moja. Alisimama kwanza nje, akautazama mlango kuanzia bawaba hadi kitasa, akainama kuangalia vumbi la kizingiti, ndipo akapiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mke wake, Mama Florentine, alikuwa amezoea. Akisikia nyayo zimefika na hodi haijapigwa, alisema kutoka jikoni, akimwita kwa jina la binti yao:

"Ingia tu, Papa Glodie. Mulango haujaiba kitu."

Tabia hiyo aliitoa kazini. Tangu ujana hadi mgongo ulipoanza kumnung'unikia, alikuwa mtu wa plombe kwenye stesheni ya Kalemie, pale reli inapokutana na bandari na mizigo ya ziwa inapopanda mabehewa. Behewa likishajaa chumvi, saruji au samaki wakavu, mlango ulifungwa, waya mwembamba ukapitishwa kwenye komeo, na ncha zake zikaingizwa katika kipande kidogo cha madini laini ya risasi. Kipande hicho ndicho plombe. Adalbert alikibana kwa koleo lenye alama ya stesheni hadi kikapata muhuri, na kuanzia hapo hakuna mkono ulioweza kufungua mlango ule bila kuacha jeraha.

Mara moja tu plombe ilimdanganya. Behewa lilifika Kabalo likiwa na plombe nzima, nzuri kama ilivyotoka mkononi mwake, na ndani magunia yalikuwa yamepungua. Wezi walilala chini ya behewa wakang'oa mbao za sakafu. Hakuna aliyemlaumu Adalbert, lakini tangu siku hiyo kitu kilichofungwa vizuri kilimtia wasiwasi kuliko kitu kilicho wazi.

Alipostaafu walimwachia koleo na kopo la vipande vya risasi, kama wengine wanavyoachiwa saa au kofia. Basi plombe zikahamia nyumbani. Sanduku la nguo za Jumapili lilikuwa na plombe. Banda la kuku lilikuwa na plombe, mpaka Florentine alipokataa kuomba ruhusa ya kuokota mayai. Na alipopata televisheni yenye dekoda, telekomande ya kubadilishia chaneli nayo ikaanza kufungwa kila aliposafiri.

Dekoda hiyo ililetwa na Wilfried, kijana anayefunga antena juu ya mapaa ya Kalemie. Wilfried alikuwa akimtaka Glodie, binti pekee wa nyumba hiyo, na Glodie naye alikuwa akimtaka, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua kabla baba hajakubali kulijua. Kijana hakuja mikono mitupu. Alivusha dekoda kutoka Kigoma, okazi, yaani iliyokwisha kutumika, lakini safi, akapanda juu ya paa mwenyewe, akaelekeza antena, akatafuta chaneli, akashuka akiwa na shati lililojaa kutu ya mabati. Papa Adalbert alipokea zawadi kwa mikono miwili, na macho yake hayakutoka kwenye mikono ya kijana hata kidogo.

"Anajua kupanda nyumba za watu," alimwambia Florentine baadaye.

"Njo kazi yake."

"Muntu anayejua kupanda anajua na kushuka ndani."

Kisha ikaja habari ya kifo. Kaka yake alifariki kule Nyunzu, na Adalbert akajiandaa kwenda kumzika. Katika nyumba yao, msiba ukiingia televisheni haiwashwi mpaka aliyekwenda kuzika arudi. Hilo lilijulikana. Hata hivyo, asubuhi ya safari, alizima televisheni, akaiacha dekoda ikimulika taa yake ndogo ya kijani kama siku zote, maana aliamini dekoda ikizimwa inasahau chaneli zake. Akaichukua telekomande, ambayo siku iliyotangulia alikuwa ameitia pile mpya, yaani betri, akaiviringisha katika nailoni ya mkate, akazungusha waya tumboni mwake, akabana plombe kwa nguvu zake zote. Akailaza juu ya kitambaa cha kufuma, kichwa kikielekea dekoda.

"Nani ataangalia televizio kwenye kilio?" Florentine aliuliza.

"Kama hakuna, basi plombe haitasumbua muntu."

Aliporudi, huzuni ikiwa bado imemwinamisha mabega, alikagua nyumba kama kawaida. Mlango sawa. Sanduku sawa. Plombe ya telekomande, aliyoigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ilikuwa nzima, muhuri wake ukisomeka. Karibu aridhike. Akakata waya, akafunua nailoni, akaiwasha televisheni kwa kidole, akaminya telekomande atafute habari.

Telekomande ilikuwa imekufa.

Aliminya tena. Akazitoa pile, akazionja kwa ncha ya ulimi kama walivyofanya zamani stesheni na pile za taa. Hazikuwa na kitu. Pile mpya, ndani ya plombe nzima, zimeliwa. Na alipoinua macho kwenye kioo, kule juu upande wa kulia, katika pembe ile ambayo magoli na dakika huandikwa wakati wa mechi, palisimama ndege.

Alikuwa yangeyange mweupe ndani ya duara la kijani, amesimama kwa mguu mmoja, na chini ya mguu huo maneno mawili: KARIBU MGENI.

Papa Adalbert alikaa chini taratibu. Aliisikia tena harufu ya lile behewa la Kabalo.

"Florentine!"

Mkewe alikuja akipangusa mikono. Glodie alikuja nyuma yake na ungo wa ndagala, dagaa wa ziwani.

"Nani aliingia humu?"

"Watu wa pole waliingia, wakakaa, wakaenda. Ulitaka wakae inje?"

"Nani alishika televizio?"

"Hakuna."

"Na huyu?" Akanyoosha kidole.

Wote wawili walimtazama ndege. Ndege naye aliwatazama kwa jicho moja.

"Mama yangu!" alisema Glodie. "Ametoka wapi?"

"Mimi njo nauliza."

"Papa Glodie," Florentine alisema, "mwizi akiingia anabeba televizio. Hawezi kuacha televizio na kukuongezea ndege."

Lakini Adalbert hakucheka. Alitia pile za redio kwenye telekomande na kuanza kazi kama alivyowahi kukagua treni, behewa baada ya behewa. Alibadilisha chaneli: muziki, mahubiri, mpira, habari za Kinshasa. Watu walibadilika, ndege hakubadilika. Alisimama juu ya kichwa cha mchungaji, kisha juu ya goli, kisha kwenye bega la mtangazaji. Basi hakuwa wa chaneli. Alichomoa waya wa antena nyuma ya dekoda. Kioo kikawa cheusi, dekoda ikaandika kwamba haipati mawimbi, na ndege akabaki peke yake gizani, mweupe zaidi. Basi hakutoka juu. Aliizima dekoda, jambo alilolichukia, akaiwasha. Ndege alitangulia kufika kabla ya picha. Mwishoni alichomoa dekoda yenyewe akachomeka mashine ya diski. Arusi ya mpwa wao ikatokea, safi, bila ndege.

"Yumo ndani ya dekoda," alisema kwa sauti ya mtu aliyepata alama ya kiatu.

Alimwita jirani, Papa Dieumerci, anayechaji simu za watu chini ya kibanda cha bati na ambaye kwa sababu hiyo anahesabiwa kuwa anajua umeme wote. Dieumerci alikaa mbele ya kioo, akafungua orodha ya mipangilio, akaingia huku, akatoka kule, mpaka akafika mahali ambapo dekoda ilidai namba ya siri. Akajaribu sifuri tupu. Ikakataa. Akajaribu moja, mbili, tatu, nne. Ikakataa.

"Hii mashini iko na mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe ni mimi."

"Wewe uko mwenye nyumba. Mwenye mashini ni yule anajua namba." Dieumerci alishusha sauti, ingawa wanawake walikuwa uani. "Na huyu ndege, mukubwa, hakuja mwenyewe. Ameitwa. Muntu ameminya kitu."

"Telekomande ilikuwa na plombe."

"Siku hizi wanatumia simu. Simu zingine zinaongoza televizio toka inje, kwenye dirisha." Akafikiri kidogo. "Mukwe wako alikuja hapa ukiwa Nyunzu. Hakuingia. Alisimama pale kwenye dirisha, simu mukononi, ameiinua hivi."

Papa Adalbert alimshukuru jirani, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akizunguka nyumba. Chini ya dirisha, kwenye udongo uliokauka baada ya mvua, ziliandikwa soli za viatu vya mpira. Akachutama akazitazama muda mrefu. Vidole vilielekea ndani.

Hapo mambo yakapangika kichwani mwake kama mabehewa yanayogongana na kushikana. Plombe nzima: basi mwizi alipita sakafuni. Pile zimeliwa: basi televisheni iliangaliwa, tena kwenye msiba wa kaka yake. Ndege na maneno yake: basi kuna mgeni aliyekaribishwa. Na mtu mmoja tu katika Kalemie aliyeijua dekoda ile kwa ndani alikuwa amesimama dirishani na simu.

Alimwita Glodie.

"Wilfried alikuja?"

Glodie alitazama miguu yake. "Alileta mukaa wa kilio. Alisema pole kwenye dirisha, akaenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeenda kuangalia viatu vyake."

Alikuwa ameshaviangalia, na jibu hilo lilimkasirisha zaidi. Watu wa Wilfried walikuwa tayari njiani kutoka Kongolo, waje Jumamosi kumwomba Glodie rasmi. Adalbert alisema maneno ambayo Florentine aliyasikia akiwa jikoni na mwiko ukasimama chunguni:

"Wakija, nitawapa kiti. Lakini chupa sifungui."

Kwa watu wa ukoo wake hilo lilikuwa neno zito. Wageni wa posa huwekewa vinywaji mezani vikiwa na vizibo. Wanazungumza wakiwa na kiu, na kinywaji kinawatazama. Baba wa binti akikubali, anafungua chupa ya kwanza kwa mkono wake. Asipofungua, wageni wanaaga, na chupa zinarudi zilikotoka zikiwa zimejaa.

Glodie hakulia mbele yake. Alirudi kwenye ndagala zake, akapepeta hadi hapakubaki hata chembe ya mchanga, akaendelea kupepeta.

Siku zilizobaki Adalbert aliishi na yule ndege. Hakuangalia tena mpira, alimwangalia yeye. Wakati mwingine alitoka chumbani ghafla, kana kwamba angemkuta amebadilisha mguu. Florentine alijaribu kumbembeleza, akajaribu kununa, akajaribu kumtania.

"Ndege wa muntu akikukaribisha kwako mwenyewe, unasema asante," alimwambia.

"Wewe unajua kitu," alijibu, akimkazia macho.

"Ninajua. Ninajua niliolewa na behewa."

Jumamosi wakaja. Mbele alikuwa shangazi wa Wilfried, Mama Élisabeth, muuza mawese wa Kongolo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuvuka mto. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo waliochoka na safari, na mwisho kabisa Wilfried, shati jeupe, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye juu ya paa lenye utelezi. Chupa zilipangwa mezani, baridi, zikitoka jasho. Glodie alikaa mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo aliweza kuona chupa na mkono wa baba yake.

Mama Élisabeth alianza vizuri, kwa salamu za waliobaki, na pole za msiba, na sifa za nyumba. Alikuwa amefika kwenye ua zuri waliloliona wakipita, yaani Glodie, Papa Adalbert aliponyanyua kiganja.

"Mama, ninaheshimu maneno yako. Lakini mbele ya ua, kuko ndege."

Akawasha televisheni.

Wazee wawili walisogea kumwona. Mama Élisabeth alisoma maneno kwa sauti, akasema, "Karibu mgeni. Basi si vizuri? Tumekaribishwa toka mulangoni."

"Mimi sikumkaribisha," alisema Adalbert. Akaeleza yote: kazi yake ya stesheni, plombe, msiba, pile zilizoliwa, nyayo, simu dirishani. Hakupaza sauti. Alieleza kama mtu anayetoa taarifa kwa mkuu wa stesheni, na kila neno lilipokwisha, kichwa cha Wilfried kilishuka kidogo.

"Wewe, ulisimama kwenye dirisha?" Mama Élisabeth alimgeukia kijana.

"Nilisimama, Shangazi. Nilikuwa natafuta rezo ya simu nikupigie. Hapa rezo inapatikana tu kwenye ile kona."

"Sawa, ni rezo," alisema Adalbert. "Na ndege, hukumjua?"

Wilfried aliinamia viatu vyake. Glodie aliinuka nusu, akakaa.

"Ameshindwa kujibu," Adalbert aliwaambia wazee. "Sasa niwaonyeshe vile nilifunga, ili musiseme nimemwonea mutoto wa watu. Telekomande hii hapa. Nailoni ni ile ile. Waya ninapitisha hivi, tumboni. Plombe, hivi. Hakuna mukono unaweza kuingia."

Alichukua koleo. Mikono yake ilikuwa imezeeka lakini ilikumbuka; ilizungusha waya mahali palepale ilipouzungusha asubuhi ya Nyunzu, kwa sababu mikono kama hiyo haina mahali pengine. Akaielekeza telekomande kwenye televisheni ili wote waione vizuri, akabana. Waya ukaingia kwenye nailoni kama kamba kwenye tumbo la mbuzi. Akaendelea kubana, meno yakiwa yameumana, akiwatazama wazee usoni.

Wazee hawakumtazama yeye. Walitazama kioo.

"Ameenda," alisema mmoja wao.

Adalbert akageuka. Pembe ya kioo ilikuwa tupu. Pale aliposimama ndege palikuwa na anga ya mji fulani wa mbali, na wingu.

Adalbert alilegeza koleo, akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akaulegeza waya, akasubiri, akabana tena, taratibu, akihema. Muda kidogo ukapita. Ndege akarudi, mguu mmoja, karibu mgeni.

Kutoka mlangoni mwa jikoni ilisikika sauti iliyobanwa kwa kitenge. Alikuwa Florentine. Kisha Mama Élisabeth akashindwa kabisa, akacheka hadi kiti kikalia.

"Papa, huyu ndege ni wako! Anakutii kuliko kuku!"

Adalbert hakusikia. Alikuwa ameisogeza telekomande kwenye mwanga wa dirisha, ameziba jicho moja. Waya ulikuwa umelala juu ya kitufe cha buluu, umekikandamiza hadi chini, na nailoni mahali hapo ilikuwa na mkunjo wa zamani, mweupe, uliokwishajua njia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Alibana, na kitufe kikaita ndege kwenye kioo kilichozimwa ambacho hakuna aliyekiona. Kisha kitufe kikabaki kimeminywa, usiku na mchana, wakati yeye akimzika kaka yake, mpaka pile zikaisha. Hakuna aliyepita sakafuni. Sakafu alikuwa yeye.

"Wilfried," alisema mwishoni, bila kuinua macho. "Bado kuko swali moja. Ndege ulimjua?"

"Nilimjua, Papa." Kijana aliinuka, akasimama. "Dekoda ilikuwa ya nyumba ya wageni kule Kigoma. Kila chumba kilikuwa na ndege yule. Ukiminya buluu na kushikilia, anatoka. Ukifanya tena, anafichika. Mimi nilimficha, sikusema. Niliona haya. Zawadi ya kwanza ya baba mukwe, halafu juu yake kuko alama ya watu wengine."

"Kwa hiyo ulinificha kitu."

"Ndiyo, Papa."

Chumba kilikaza tena. Florentine aliacha kucheka. Glodie alizitazama chupa; jasho la chupa hizo lilikuwa limeshatengeneza ziwa dogo kwenye meza.

Papa Adalbert alikaa na maneno hayo. Alikuwa amemshuku kijana kwa kila kitu, na katika kila kitu alikuwa amekosea, isipokuwa hiki kidogo, na hiki kidogo kilimpa mahali pa kusimama. Maisha yake yote alitafuta mtu atakayemwambia kilichokuwa chini ya sakafu kabla behewa halijafika. Huyu amesema. Amechelewa, ameona haya, lakini amesema mbele ya shangazi yake.

Alikata waya. Plombe ilidondoka mezani kati ya chupa.

"Dieumerci alisema hii mashini iko na mwenyewe anayejua namba," alisema. "Namba utaniambia?"

"Hata leo."

"Leo." Kisha akaongeza, kwa sababu hakuweza kujizuia: "Na viatu vile, utavileta nivione soli."

"Papa!" alisema Glodie.

Akanyoosha mkono akachukua chupa iliyokuwa karibu. Florentine alikuwa tayari anatafuta kifungulio kwenye kabati, akakuta kabati lina plombe, akageuka kusema neno. Hakuhitaji. Mumewe alikuwa ameuweka mdomo wa koleo chini ya kizibo. Koleo ambalo kwa miaka yote lilijua kufunga tu liliteleza mara moja, likashika, na kizibo kikaruka hadi miguuni mwa Mama Élisabeth.

Papa Adalbert alikiokota, akakigeuza, akakagua ndani yake, kisha akamsogezea shangazi chupa.

"Karibu, mama mugeni," alisema.